Mshika Ncha ya Pili

Tangazo lilipigiliwa kwenye nguzo ya umeme:
shamba la Lumonde, ekari kumi na moja,
linaombewa kuwa makazi.
Viwanja arobaini na viwili.
Mwenye pingamizi afike ofisi ya mji, Bombo,
tarehe ishirini na nane, kabla ya saa sita.

Sikuwa na pingamizi. Nilikuwa na kazi.
Mpimaji ana chombo chake cha miguu mitatu;
mimi hushika ncha ya pili ya futikamba.
Yeye hutamka, mimi hupigilia mambo,
mambo ya chuma, si mambo ya maneno,
ingawa mjini kwetu
haya huzaa yale kabla chai haijapoa.

Mchoro ulipendeza.
Kila nyumba na mti wake wa duara,
kama kikombe na kisahani.
Barabara za ndani mita nne, nne, nne,
na moja iliyokwenda ikagota ukutani,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Njia ya kuingia: moja. Ya kutoka: hiyo hiyo.

Kikaoni Mhandisi Nabukalu akauliza,
"Gari la maji taka likikutana na lori la matofali,
nani atarudi nyuma?"
Lumonde akacheka. "Watu wa hapa wana adabu.
Watapishana."
"Adabu haina upana," akasema mhandisi, akaandika:
mita tisa kutoka barabara kuu ya Gulu,
mifereji pande zote mbili,
na mwisho wa njia, mahali pa gari kugeuka.
Viwanja vikashuka hadi thelathini na sita.
Lumonde alimtazama
kama anayeng'olewa meno sita bila ganzi.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango.
Nikamkumbuka Mzee Jaburi.
Jeneza hubebwa wawili wawili, bega kwa bega,
na kichochoro chetu kinataka mmoja mmoja.
Tulimpitisha juu ya ukuta, mkono kwa mkono,
kama gunia la mkaa,
likainama upande mmoja
tukasikia kichwa kikigonga ubao.
Hakuna aliyelitaja hilo, hata matangani.
Nilitaka kulitaja pale kikaoni.
Mshika ncha ya pili haulizwi.

Wiki iliyofuata tukapima upya.
Kichochoro ndicho kilichotakiwa kuwa barabara,
na ile mita ya tisa
ikaingia jikoni kwa dada yangu Mastura,
anapopika gurusa za kuuza alfajiri.
Alisimama mlangoni, unga hadi viwikoni.
Hakumtazama mpimaji. Alinitazama mimi.

"Vuta!" mpimaji akapaza sauti.

Nimewahi kulegeza.
Kwa watu wengine, siku nyingine,
kwa soda na noti ya elfu kumi:
kiganja kimoja hapa, kiganja na nusu pale.
Vichochoro vya mji huu vina viganja vyangu.
Hata hicho cha Jaburi,
tulipokipima nikiwa kijana,
ukuta wa jirani ulikula shubiri mbili
na mimi nikala kuku.

Nikavuta. Nikavuta hadi utepe ukalia.
"Nane na sabini ukutani," akasema.
"Bado thelathini."
Sentimita thelathini. Urefu wa rula ya shule.
Zikaishia kwenye figa la tatu.
Nikapiga magoti penye majivu, nikapigilia.
Nyundo mara tano. Chuma kilikuwa baridi,
majivu yalikuwa ya moto.
Mastura aliondoa sufuria, asinipige nayo.

Fidia bado. Fomu inataka mihuri minne,
ina mitatu.
Sasa anapikia upenuni kwangu,
moshi unaingia hadi chini ya chandarua.
Alfajiri ananipa gurusa mbili, za moto,
ananyoosha mkono,
na ananitoza bei ya wateja.